Bubu Si Bùbá

Maneno ya animateri mbele ya kikundi cha washonaji wa chama chetu, Baraka. Tumeyaandika karibu vile yalisemwa, ili wanachama wa mbali na wafadhili wetu wayasome pia.

 

Najua kuna wenye wanajiuliza: huyu animateri ametuletea nini leo? Tulimuomba uzi na sindano za mashini, yeye analeta Kiyoruba. Sisi tuko Fizi, Wayoruba wako Nigeria, mbali kabisa. Kinatuhusu nini? Nitajibu. Lakini jibu linaanza na kosa, na kosa ni langu. Mpaka leo lilisemwa nyuma ya mlango tu, na mtu mwenye alibeba haya yake si mimi.

Munakumbuka ule mama mteja mwenye alileta piesi nzima ya kikwembe, yadi 6, juu ya harusi ya binti yake. Bwana harusi ni Myoruba. Familia ya kule ilituma picha kwenye simu. Picha ilionyesha mwanamke ameketi nyuma ya meza, kuanzia kifua kwenda juu, na chini yake maneno matatu: ìró, bùbá, gèlè. Fundi wetu akaniletea ile simu. Akaniuliza: “Mwanangu, wewe umesoma, hapa wameandika nini?” Niliangalia mara moja tu, nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye mkutano. Nikaona “bùbá”, nikasema: “Mama, ni bubu. Kata.”

Akakata. Akashona bubu ndefu mpaka chini, mikono mipana, shingo yenye broderi, kazi safi ya siku nne. Siku mteja alikuja, alikunjua ile nguo, akanyamaza. Kisha akauliza: “Kikwembe ya kufunga iko wapi? Na ya kichwa?” Yadi 6 zote zilikuwa ndani ya bubu. Kulibaki vipande tu, havitoshi hata fulari ya mtoto.

Sanduku ya chama ilinunua piesi ingine. Zile pesa zilikuwa za mkopo wa mwanachama mwingine, na zamu yake ilisukumwa mwezi mzima. Na sokoni watu wakaanza kusema kama fundi wetu anaharibu vitambaa. Wiki tatu hakuna mtu alimletea nguo. Yuko hapa, ameketi kule nyuma. Mama, nasema mbele ya wote: wewe hukuharibu. Ulishona sawasawa kile nilikuambia. Mimi njo niliharibu, na ile piesi ninairudishia sanduku kidogo kidogo kutoka mshahara wangu.

Kisha ile siku nilimpigia simu mwenzangu mmoja Myoruba, tulifanya kazi pamoja zamani. Nikamuomba anifundishe majina ya nguo za kwao, moja moja, kama mtoto. Yale nilipata kwake njo ninawaletea leo.

Na hii kazi si mpya kwetu. Wenye tulikuwa Lugufu na Nyarugusu, munakumbuka miezi ya kwanza? Tulitoka hapa na pantalo, shemizi na shosete. Tukafika Tanzania, wanasema suruali, shati, soksi. Ukiomba pantalo sokoni wanakutazama tu. Tulijifunza, juu bila jina hauuzi na haununui. Halafu tukarudi kwa meli, watoto wetu wakasema “suruali” shuleni, wenzao wakawacheka. Sisi ni watu wenye tumebadilisha majina ya nguo mara mbili. Mara ya tatu haitatushinda.

Sasa tuanze. Wayoruba wako mamilioni mengi, kusini-magharibi ya Nigeria: Lagos, Ibadan, Abeokuta, Osogbo. Wengine wako Benin na Togo. Wanaandika kwa herufi kama zetu, lakini kuna alama ndogo. Ṣ yenye nukta chini inasomwa “sh”. Kwa hiyo aṣọ, maana yake nguo au kitambaa, inasomwa “asho”. Ẹ na ọ zenye nukta, unafungua kinywa zaidi. P yao inasomwa “kp” kwa pamoja: àpò, maana yake mfuko, inasikika “akpo”. Mfuko wa nguo na mfuko wa kubeba mkononi, yote ni àpò.

Juu ya herufi kuna vialama. Hivi vinaonyesha sauti: inapanda, inashuka, au inabaki katikati. Musiviruke. Wenye munasikia Lingala munajua kama “moto” ya mtu na “motó” ya kichwa si neno moja. Sauti njo inatenganisha. Kiyoruba ni vile vile. Bàtà, sauti chini na chini, ni kiatu. Bàtá, sauti chini kisha juu, ni ngoma. Ukiomba vibaya utaletewa ngoma, hauwezi kuivaa. Na musichanganye na ile kampuni ya viatu yenye jina la Bata: jina lile ni la familia ya Ulaya, wamekutana na Kiyoruba kwa bahati tu. Ya bata wetu wa kuogelea ziwani, hata sisemi.

Tuingie kwenye nguo za mwanamke, juu pale njo tulianguka.

Ya kwanza, bùbá. Ni blauzi pana, yenye mikono mirefu, inafika kwenye kiuno au inapita kidogo. Ni fupi! Bubu ile tunajua hapa inashuka mpaka kwenye miguu. Tofauti ya herufi moja, lakini kwenye makasi ni tofauti ya yadi nzima.

Ya pili, ìró. Hii ni kikwembe ya kufunga kiunoni. Haina kushonwa sana, unapinda tu pindo.

Ya tatu, gèlè. Kitambaa cha kichwa, lakini si fulari ya kwenda shambani. Ni kilemba kikubwa chenye kusimama, kinakunjwa mara nyingi, na siku ya harusi watu wanalipa fundi wa kukifunga tu.

Ya nne, wakati mwingine iko, wakati mwingine haiko: ìpèlé, ao ìborùn. Ni kitambaa cha kuweka kwenye bega. Ndani ya ìborùn muko neno ọrùn, maana yake shingo.

Sasa muangalie vizuri. Mama wetu wa Kongo siku ya sikukuu anavaa nini? Libaya juu, kikwembe ya kufunga chini, na ya kichwa. Ni vile vile! Bùbá ni libaya, ìró ni liputa, gèlè ni kilemba. Na piesi yetu ya yadi 6 iko na bikwembe bitatu: moja ya bùbá, moja ya ìró, moja ya gèlè. Ningesimama dakika mbili nikahesabu na mama, yale majina matatu yangenionyesha bikwembe bitatu. Modeli tuliijua tangu tulizaliwa. Jina tu njo lilitupoteza.

Hapa kuna jambo lenye nataka mubebe nyumbani, hata kama mutasahau mengine. Usijifunze jina la nguo peke yake. Jifunze na tendo lake. Sisi tunasema “kuvaa” kwa karibu vyote: navaa shati, navaa kofia, navaa kiatu. Myoruba anagawanya.

Bùbá, ṣòkòtò, bàtà, unasema wọ̀, kuvaa, juu unaingia ndani yake.

Ìró, unasema ró, kufunga kiunoni. Munasikia? Jina limetoka kwenye tendo.

Gèlè, unasema wé, kuzungusha, kukunja.

Fìlà, kofia, unasema dé, kufunika juu.

Kwa mshonaji hii ni dhahabu. Tendo linakuambia nguo inahitaji nini. Ukisikia wọ̀, jua kuna mikono, shingo, miguu: unapima mwili. Ukisikia ró ao wé, jua kuna kitambaa chenye kubaki kizima: unapima urefu, makasi inakaa mbali. Ile siku ningeuliza tu, “Hii ya kwanza wanaivaa ao wanaifunga?” kitambaa kingepona.

Twende kwa wanaume. Mwanaume naye anavaa bùbá, ni shati pana bila kola. Chini anavaa ṣòkòtò, “shokoto”, ni pantalo, mara nyingi ya kukaza na kamba. Juu ya hizi mbili, mwanaume wa heshima anaweka agbádá. Hii njo ile nguo kubwa sana yenye munaona kwenye filamu za Nigeria, mikono yake anaipandisha kwenye mabega kila wakati, na kifuani kuna broderi nyingi. Kichwani fìlà. Kuna fìlà moja inaitwa abetí ajá: ajá ni mbwa, na ile kofia iko na masikio mawili pembeni kama ya mbwa. Nayo ni ya watu wakubwa, musicheke.

Kwa hiyo mteja akisema “nataka agbádá”, ametaja jina moja lakini anaweza kuwa anafikiri vipande vitatu: agbádá, bùbá na ṣòkòtò, na pengine kofia. Uliza mbele ya kupokea avansi. Ukiweka bei ya kipande kimoja na yeye anangoja vitatu, mutagombana.

Wayoruba wako na methali juu ya hii ṣòkòtò. Kule kaskazini ya Nigeria kuna mji unaitwa Sokoto, mbali na kwao. Wanasema: kile tulikuwa tunakwenda kutafuta mpaka Sokoto, kumbe kiko ndani ya mfuko wa ṣòkòtò. Mwenzangu alipoisema nilifikiri sisi wote, na ile libaya ya mama zetu. Nilitafuta jibu kwa simu mpaka Nigeria, na lilikuwa linatembea mbele yangu kila siku ya Mungu.

Vitu vya kupambia sasa, haraka haraka, juu hivi hatushoni lakini mutavikuta kwenye picha. Ìlẹ̀kẹ̀ ni shanga. Yẹtí ni hereni. Muko etí ndani, sikio. Òrùka ni pete. Ẹ̀gbà ọrùn ni mkufu, ẹ̀gbà ọwọ́ ni bangili: shingo na mkono. Aago ọwọ́ ni saa ya mkono. Ìbọ̀sẹ̀ ni soksi, muko ẹsẹ̀, mguu. Na ìbọ̀wọ́ ni glavu, muko ọwọ́, mkono. Munaona vile inajengwa? Ukijua sehemu za mwili, nusu ya majina umeshayapata bure. Na sisi washonaji je? Kushona ni rán. Mshonaji ni aránṣọ: mtu, kushona, nguo, vyote vimeungwa kwa neno moja.

Rangi tatu za kuanzia: funfun ni nyeupe, dúdú ni nyeusi, pupa ni nyekundu. Rangi inafuata nguo kama kwetu: aṣọ funfun, nguo nyeupe, bàtà dúdú, kiatu cheusi. Na haibadiliki kama yetu. Hakuna nyeupe, mweupe, cheupe. Hapo wametuhurumia. Ile pupa, inasomwa “kpukpa”, muishike vizuri. Kwa Kiswahili pupa ni ule ugonjwa wangu wa ile siku.

Vitambaa navyo viko na majina. Mukiona neno “ankara” chini ya picha, si mji wa Waturuki. Ni kikwembe cha wax, kile munashona kila siku. Àdìrẹ ni kitambaa chenye kufungwa kwa kamba ao kupakwa kitu cha kuzuia rangi, kisha kinazamishwa ndani ya rangi ya buluu. Abeokuta na Osogbo wanajulikana kwa kazi hiyo. Aṣọ òkè ni kile kizito cha kufuma kwa mkono. Kinatoka kwenye mashini ya mti kikiwa utepe mwembamba, kisha tepe zinaungwa pembeni kwa pembeni mpaka ziwe nguo. Mji wa Iseyin unasifiwa kwa kufuma. Mukipewa kitambaa hiki, muwe na huruma: ukikata kombo, unakata maungio ya mtu mwingine, na tepe zinaanza kuachana.

Na kuna neno moja lenye linaweza kulisha kikundi hiki: aṣọ ẹbí. Ẹbí ni familia. Ni nguo ya familia: siku ya harusi ao maziko, ndugu na marafiki wote wanavaa kitambaa kimoja. Hapa tunajua hii. Tarehe 8 Machi wamama wote wanataka kikwembe kimoja, na kwa harusi pia. Yule mama mteja, mbele ya mambo kuharibika, alikuwa amesema kama dada zake na mashangazi watakuja wote kushona sare. Hawakuja. Walikwenda kwa fundi mwingine. Hasara yetu haikuwa piesi moja tu.

Sasa maneno machache ya kupima. Myoruba akivaa, akisema ó gùn, ni ndefu. Ó kúrú, ni fupi. Ó tóbi, ni kubwa. Ó fún, inabana. Akisema mo fẹ́, anataka kitu: mo fẹ́ gèlè, nataka kilemba. Akiuliza èló ni?, ni bei gani. Pale usiniite, jibu mwenyewe.

Na mwenye nguo ni nani? Aṣọ mi, nguo yangu. Aṣọ rẹ, nguo yako. Aṣọ rẹ̀, sauti ikishuka, nguo yake. Muangalie hatari: yako na yake zinatengana kwa sauti tu. Na kama unasema na mtu mzima ao mtu hauzoei, usiseme rẹ, sema yín, kama vile unamhesabu watu wengi. Ni heshima. Kijana akimwambia mama mkubwa aṣọ rẹ, ni kama amemwita kwa jina lake tupu barabarani.

Tutajifunza namna gani? Si kwa kuimba orodha. Kila fundi akate vipande vidogo kutoka mabaki yake, ashone bùbá ndogo ya mtoto wa bandia, ìró ndogo, gèlè ndogo, na aandike jina pembeni kwa uzi. Maneno matano kwa wiki yanatosha. Mwenye hajui kusoma ashike kwa sikio. Wengi kati yenu munashika sauti kuliko sisi wa makaratasi. Na kwenye ukuta wa atelie, juu ya meza ya kukatia, tutaandika maulizo matatu. Vipande ni vingapi? Kila kimoja kinavaliwa, kinafungwa, ao kinafunikwa? Yadi ngapi kwa kila kimoja? Mbele ya makasi kufunguka, yajibiwe na mteja mwenyewe, si na mimi. Hata kama animateri anasema anajua.

Kwa wafadhili wenye watasoma: hamutaona kwenye ripoti mstari wa “Kiyoruba”. Mutaona saa mbili kwa wiki, chaki, na mabaki ya vitambaa. Mashini mulizotupa ni nzuri, zinafanya kazi. Lakini mashini inashona kile imeambiwa, na piesi ya kwanza ya mteja wa mbali tuliipoteza na mashini ikiwa nzima.

Namaliza. Mwenzangu Myoruba, siku nilimweleza namna sanduku ililipa na mwanachama mmoja akakubali kungoja zamu yake bila kelele, aliniambia msemo wa kwao: ènìyàn laṣọ mi. Watu njo nguo yangu. Nilimuuliza hapo wanatumia tendo gani, wọ̀ ao ró. Alicheka sana, hakunijibu.

Yule mwenye alingoja mkopo wake, aksanti. Na habari njema: mama mteja amerudi. Amesema binti yake amejifungua, na kule kwa bwana wanataka nguo za siku ya kumpa mtoto jina. Ameleta piesi mbili, na amesema zishonwe na yule yule mama. Picha iko kwenye simu yangu. Kesho saa tatu tutaiangalia pamoja, wote, polepole. Nimeshaona neno moja silijui.

Ẹ ṣé. Ni aksanti, kwa heshima.